Nilifuata fulana Brussels, nikarudi na aibu yangu

Mwenzenu nina ugonjwa. Si ugonjwa wa kwenda kupimwa damu, la hasha, ni ugonjwa wa mikutano. Nikisikia tu kwamba mahali fulani watu wa kompyuta wanakutana, miguu inaanza kuwasha. Mama watoto ameshachoka, siku hizi ananiita Bwana Semina mbele ya wageni.

Kazi inayoniweka mjini ni kutengeneza tovuti. Duka likitaka kurasa zake mtandaoni, shule ikitaka, mwenye gesti akitaka, naitwa mimi. Na watu wa kazi hii tuna desturi ya kukutana, hasa wale wa programu huria. Kwa msomaji ambaye neno hilo ni geni kwake, programu huria ni kama pilau la bibi asiyekuwa na choyo. Anakupa sahani ule, halafu na mapishi anakupa. Ukitaka kuongeza iliki ongeza, ukitaka kumgawia jirani mgawie. Na wala kwetu si jambo la jana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyokuwa ikiongea Kiswahili.

Ugonjwa ulinishika barabara Agosti 2018, pale mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, uitwao FOSS4G, ulipofanyika Dar es Salaam katika ukumbi wa kimataifa wa Julius Nyerere. Na Dar ilistahili, maana tangu 2015 wanafunzi na wakazi wa jiji walikuwa wakichora mitaa inayokumbwa na mafuriko kupitia mradi wa Ramani Huria. Wageni walitoka kila pembe ya dunia. Mimi nilitoka na fulana mbili, mfuko wa kitambaa, na stika za kujaza laptopu nzima. Ukiniuliza nilijifunza nini, nikung'ate sikio: nilijifunza msosi wa mchana unaanza saa ngapi.

KIJANA WA NYUMBA YA TATU

Mwaka 2023 nikaangukiwa na tenda nono. Chuo kimoja, jina kapuni, kilitaka tovuti ya kupokea maombi ya wanafunzi wapya. Nikaitengeneza ikang'aa kama bibi harusi. Picha zinateleza zenyewe, maandishi nimeyapaka kijivu laini juu ya weupe, na orodha ya kozi pamoja na tarehe ya mwisho nimezitia ndani ya picha moja yenye maua maua, ukiibofya inakua. Mkuu wa chuo akanipa mkono, mshiko ukaingia, mama watoto akapata friji.

Hazikupita wiki mbili akaja kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kijana huyu haoni tangu utotoni, lakini kichwani yuko vizuri kuliko wengi wetu mtaani. Kompyuta anaitumia kama kawaida, ana programu inayomsomea kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Za masomo?"

"Ndiyo nimekuja kwa hayo. Ile tovuti ya chuo, nasikia umetengeneza wewe. Nikifika kwenye fomu inaniambia andika, andika, haisemi niandike nini."

Mwenzenu nikamjibu kwa kujiamini kabisa, tena nikiwa nimekunja nne: "Hiyo ni kompyuta yako, dogo. Tafuta mtu akujazie."

Akamtafuta. Alikwenda kwenye kibanda kimoja cha intaneti, akampa kijana wa pale namba yake ya mtihani, matokeo yake na neno lake la siri, yaani maisha yake yote kwenye kikaratasi. Yule naye alikuwa na foleni ya wateja, akabofya haraka haraka, akachagua kozi siyo. Mdogo wangu alitaka maendeleo ya jamii, jina likatoka kwenye uhasibu. Kosa linagundulika, dirisha la maombi limeshafungwa. Pesa ya fomu ikaliwa, mwaka mzima ukapotea akiwa amekaa barazani. Siku moja mama yake akapita kwangu, akanisalimia tu, hakusema neno. Salamu ile ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini nikajisemea moyoni, si kosa langu.

BURE YENYE NAULI

Huku nyuma ugonjwa ulikuwa umepanda kichwani. Kuna mkutano unaitwa FOSDEM. Ulianza mwaka 2000 katika jiji la Brussels, Ubelgiji, na hufanyika mwanzoni mwa mwaka, Jumamosi na Jumapili, kwenye majengo ya chuo kikuu kiitwacho Université libre de Bruxelles. Waandaaji ni watu wa kujitolea. Kiingilio hakuna, kujiandikisha hakuna, unasukuma mlango unaingia.

"Ni bure kabisa," nikamwambia mama watoto.

"Bure gani hiyo yenye nauli?" akaniuliza.

Na kweli. Viza ya Ulaya wakati ule ilikuwa euro 80. Halafu unatakiwa bima ya safari isiyopungua kinga ya euro 30,000, karatasi za benki, barua ya hoteli, na sura ya mtu atakayerudi nyumbani. Ile pesa ya upatu niliyokuwa nimepokea, pamoja na kilichobaki cha tenda, vyote vikaishia kwenye tiketi ya ndege. Mama watoto alinifungia koti la marehemu babu yake, hakunisindikiza.

Jumamosi, Februari 3, 2024, nikapanda basi namba 71, nikashuka chuoni. Ndugu msomaji, usione vile! Waandaaji husema hufika watu zaidi ya 8,000. Mihadhara ni mamia, vyumba ni vingi, vyote vinaendelea kwa wakati mmoja. Ukichelewa dakika tano unakuta mlangoni karatasi inayosema chumba kimejaa, na hapo hata uwe shemeji wa bawabu, huingii. Mimi chumba nilichokuwa nimekifuata tangu Dar nilikikuta kimejaa. Nikazunguka kwenye meza za maonyesho, nikakusanya stika, baridi ikanikumbusha babu wa koti, nikaenda kupanga foleni ya chipsi.

SIKIO LA MZEE

Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mzee wa Kijerumani, fimbo nyeupe mkononi. Tukaongea ya mvua, tukaongea ya safari. Tulipopata chipsi zetu tukaingia ndani, tukakaa kwenye ngazi kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. Akaniuliza nafanya kazi gani. Mwenzenu nikavimba, nikamwambia nimetengeneza tovuti ya chuo kizima peke yangu.

"Nionyeshe," akasema.

Nikacheka kimoyomoyo. Nimwonyeshe vipi? Lakini mzee alishatoa laptopu mkobani, akaniomba anwani, akaiandika bila kubabaika. Kisha akanipa spika moja ya sikioni, nyingine akavaa yeye.

Jamani! Sauti ilitoka kama cherehani, akaipunguza kasi kwa heshima yangu. Ndipo nikasikia tovuti yangu kwa mara ya kwanza maishani. Kiswahili changu kilikuwa kinasomwa kama na mzungu aliyeshuka melini asubuhi hiyo hiyo. "Karibu" haikuwa karibu, ilikuwa kitu kingine kabisa. Tukafika kwenye ile picha yangu ya maua maua, yenye kozi na tarehe ya mwisho. Sauti ikataja jina la faili tu, herufi tatu na tarakimu nne, ikapita. Tukafika kwenye fomu. Kisanduku, kitupu. Kisanduku, kitupu. Kisanduku, kitupu.

Andika, andika, haisemi niandike nini.

Chipsi ilinikwama. Nikamwona kijana wa nyumba ya tatu amesimama mlangoni kwangu, na mimi nimekunja nne.

"Nchi yenu inaongea lugha gani?" mzee akauliza.

"Kiswahili."

"Ukurasa wako unajitambulisha kuwa ni wa Kiingereza."

Nikafungua laptopu yangu mbio mbio. Kweli tupu. Nilikuwa nimenakili kiolezo cha watu, na kwenye mstari wake wa kwanza kabisa, pale panapotajwa lugha ya ukurasa, palikuwa na herufi mbili: en. Nikazifuta, nikaweka sw, nikapandisha faili. Mzee akafungua upya. Sauti ikabadilika palepale. Ilikuwa bado sauti ya bati, lakini Kiswahili chenyewe, ka na ri na bu. Nusura nimkumbatie.

Akanieleza kwamba programu anayotumia inaitwa NVDA, nayo ni huria. Ilianzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia, Michael Curran, asiyeona, kisha akaungana naye James Teh, naye haoni. Programu za kulipia za aina hiyo zilikuwa zinauzwa mamia ya dola, nyingine zaidi ya elfu. Wao wakatoa yao bure. Ndani yake kuna programu nyingine huria ya sauti, eSpeak NG, na humo mna Kiswahili. Yaani watu walishajitahidi kompyuta ijue Kiswahili, mimi Mswahili ndiye niliyeiambia kwamba hiki ni Kiingereza.

"Sasa turekebishe na hivyo vingine," mzee akasema. "Chipsi zinapoa."

Tulikaa pale saa mbili. Kila kisanduku nikakipa jina lake kwenye msimbo, yale maandishi ya nyuma ya pazia. Kozi na tarehe nikazitoa kwenye picha, nikaziandika kwa maneno. Kijivu changu laini nacho kikaumbuka. Miongozo ya kimataifa inataka maandishi ya kawaida yapishane na rangi ya nyuma yake kwa kiwango kisichopungua 4.5 kwa 1, changu hakikufika hata nusu. Miongozo hiyo, iitwayo WCAG, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1999, na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Ilikuwepo muda wote huo. Ni mimi niliyekuwa nakimbilia fulana.

Baadaye nilisoma ripoti ya 2024 ya taasisi ya WebAIM ya Marekani, waliopima kurasa za mbele za tovuti milioni moja. Karibu 96 katika kila 100 zilikutwa na makosa ya namna hii hii: rangi hafifu, picha zisizo na maelezo, visanduku visivyo na majina. Kumbe tuko wengi. Haikunifariji.

NILIPORUDI

Niliporudi Dar sikuanzia kwangu, nilianzia nyumba ya tatu. Nikamkuta mama yake anachambua mchele.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Mwaka wa mwanao niliupoteza mimi."

Akanitazama kitambo. "Kaa," akasema. "Chai ipo."

Nikamwomba kijana anikague kazi, tena kwa malipo, maana ni kazi kama kazi nyingine. Jioni nne tulikaa barazani, yeye anasikiliza, mimi natoka jasho. Jioni ya kwanza tu akanikamata: "Kaka, nimejaza yote, sasa kutuma natuma vipi?" Kitufe cha mwisho nilikuwa nimekitengeneza kiitikie mausi peke yake, na yeye hutumia kibodi. Yaani hata kama fomu ingesomeka, angefika mlangoni akute hakuna kitasa. Lile hata mzee wa Brussels hatukulifikia.

Dirisha la maombi la 2024 lilipofunguliwa, alijaza mwenyewe, usiku, peke yake chumbani. Neno lake la siri hakumpa mtu. Jina lilitoka kwenye maendeleo ya jamii, na mwaka huo huo akaanza masomo.

Kwa hiyo wewe mwenye ugonjwa kama wangu, nikuachie mawili matatu. Usivunje miguu kugombania vyumba. FOSDEM hurekodi mihadhara yake na kuiweka mtandaoni bure, utaitazama kwako umevaa kanga. Pesa ya nauli itumie kwa kile kisichorekodiwa, yaani yule mtu wa mbele yako kwenye foleni ya chipsi. Mwonyeshe kazi yako na unyamaze umsikilize. Na kabla hujapanda ndege, muulize kwanza jirani.

Wala si lazima uende Ulaya. Nairobi kuna mkutano uitwao Inclusive Africa, unaoandaliwa na shirika la inABLE, wa teknolojia na watu wenye ulemavu. Kijana wa nyumba ya tatu ameshausikia. Juzi alikuja kuniuliza nauli ya basi la Nairobi siku hizi ni kiasi gani.

Mama watoto alikuwa jikoni, akasikia. "Haya," akasema, "Bwana Semina kapata mwanafunzi."