Hodhi Jipya na Samaki wa Dhahabu

Khabari tunayoieleza leo ni ya samaki wanane na mtoto mmoja. Mambo haya yalitokea katika uwanja wa madrasa yetu hapa Samunge, wilaya ya Ngorongoro, na kosa lake lilikuwa langu mimi mwalimu.

Mzazi mmoja alirejea kutoka Arusha na samaki wa dhahabu wanane ndani ya mfuko wa nailoni, akawatoa hadiya kwa madrasa. Nasi tulikuwa tunajenga hodhi uani kwa mawe na saruji, kina chake hufika kiunoni mwa mtoto. Tulimaliza kulipiga lipu siku ya Jumanne. Alhamisi tukalijaza maji, na jioni ile ile tukawatia samaki. Furaha ilikuwa kubwa. Mtoto mmoja wa miaka kumi alisimama ukingoni akawasifu kwa sauti jinsi wanavyong'aa. Jumamosi walikufa watatu. Jumatano iliyofuata alikuwa amesalia mmoja tu, naye anahema juu ya maji.

Hapo maneno yakaanza. Wenzake walisema kuwa mtoto yule amewatia jicho, kwani alisifu wala hakusema Mashaallah. Mimi nilisikia nikanyamaza, nikidhani yatapita. Hayakupita, wiki ya pili mtoto hakuja kusoma.

Jicho hatulikanushi, kwani limetajwa katika Hadithi. Lakini kumtupia mtoto tuhuma kabla ya kuchunguza ni jambo jingine kabisa. Basi yule samaki aliyesalia nikamhamishia katika pipa kuukuu la maji ya mvua, kisha nikamwendea bwana samaki kumwuliza. Naye aliniuliza swali moja tu: hodhi lina umri gani? Nilipomwambia kuwa lilikuwa na siku mbili, alicheka, kisha akanieleza kwa upole.

Saruji mpya hutoa chokaa, na maji hugeuka makali kama yaliyotiwa magadi, yakaunguza matamvua ya samaki. Hilo ni moja. La pili ni kubwa zaidi, wala halionekani kwa macho, kwani maji yaweza kuwa meupe kama kioo nayo ni sumu. Samaki hutoa uchafu wa mwili wake kwa matamvua, na uchafu huo ni amonia. Chakula kilichosazwa kikioza hutoa amonia vile vile. Katika bwawa la zamani wamo bakteria walioshika katika mawe na mchanga. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na mimea huila. Viumbe hao walibainishwa na mtaalamu wa Kirusi, Sergei Winogradsky, kiasi cha mwaka 1890. Hodhi jipya halina bakteria wa kutosha. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuenea, na pengine zaidi. Na maji yakiwa makali kwa chokaa, amonia ile ile huzidi sumu yake. Basi samaki wetu walipigwa na mawili kwa pamoja.

Kilichonidanganya ni mabirika ya Lamu. Tangu ujanani nilikuwa nikisikia kwamba wazee wa huko huweka samaki wadogo katika mabirika ya nyumba zao ili wale viluwiluwi vya mbu, nikadhani kila penye maji safi samaki ataishi. Sikufikiri kuwa chokaa ya mabirika yale imelowa miaka mingi, kwamba samaki ni wachache, na kwamba hakuna mtu anayewamwagia chakula kama tulivyofanya sisi, kila mtoto na konzi yake.

Wako, kwa kweli, samaki wanaostahimili ukali wa magadi, nao hawako mbali nasi. Katika Ziwa Natron, mashariki yetu, wanaishi perege wadogo, na ndugu zao wamo katika Ziwa Magadi la Kenya. Kwa hao wa Magadi, wataalamu walieleza mwaka 1989 kuwa hutoa uchafu wao kwa njia ya urea, si amonia kama samaki wengi. Samaki wa dhahabu asili yake ni China, na hakuumbiwa maji ya namna hiyo.

Tulianza upya. Hodhi tulilijaza, tukalisugua na kulimwaga mara kadhaa kwa muda wa wiki nyingi, na hili halikuwa jepesi, kwa sababu maji ya hapa si ya kuchezea. Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wana mifereji ya kale itokayo katika chemchemi, na wazee waitwao wenamiji ndio wenye amri ya zamu. Kila tone tulilomwaga tulilipeleka katika mchicha. Kisha tukatia mawe ya mtoni na magugu ya majini, tukamrudisha yule mmoja peke yake, tukampa chakula kidogo cha kumalizika kwa dakika mbili au tatu. Baada ya mwezi na zaidi tukamwongezea wenziwe wawili, mfuko wao ukiwa umeelea kwanza kiasi cha robo saa ili joto la maji lilingane. Kila wiki hutoa sehemu moja katika tano ya maji, na mchicha huyafurahia kwa ile nitrati. Wenye maji ya bomba na wachunge dawa ya klorini. Wengi huyaacha wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatumia. Na samaki hawa wasitupwe kamwe mferejini wala mtoni, kwani ni wageni na wataharibu makao ya wenyeji.

Siku niliyorejea kwa bwana samaki niliwakusanya wanafunzi nikawaambia kuwa aliyewaua samaki ni mimi kwa haraka yangu. Jioni nikaenda nyumbani kwa mtoto yule, nikayarudia maneno hayo mbele ya baba yake na mama yake. Kesho yake alikuja. Sasa ndiye mwenye zamu ya kuwalisha, naye kila asubuhi husema Mashaallah kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, ndipo akafungua mkebe wa chakula.