Skrini ya Mama si skrini ya watoto

Mama alipokuja kutoka Tanga kukaa nasi hapa Birmingham, nilimpa laptopu ya zamani ya wanangu nikadhani nimemaliza. Intaneti ipo, WhatsApp ipo, wadogo zake wote wamo. Baada ya wiki mbili akaacha kuigusa. "Mwanangu, hayo ni mambo yenu ya vijana," aliniambia. Nikakubali upesi. Nikasema moyoni, ni umri tu.

Asubuhi moja nilitoka zamu ya usiku nikamkuta sebuleni, uso umekaribia kugusa skrini, kiganja juu ya nyusi kama mtu anayetazama bahari saa saba mchana. Mama mdogo alikuwa amemwandikia siku nne kabla, akimweleza kuhusu ugonjwa wake. Mama aliona kuna ujumbe, lakini herufi hazikumkalia, na hakutaka mjukuu wa miaka tisa amsomee. "Hayo ni ya watu wazima. Nitampaje mtoto?"

Mimi ni muuguzi. Kila siku nawauliza wazee wodini kama wanaona vizuri. Mama yangu sikumuuliza.

Siku ile niliitazama skrini kama anavyoitazama yeye. Nyuma kulikuwa na picha ya wachezaji wa mpira, na alama za programu zimepotea katikati ya jezi. Mshale ulikuwa mdogo, mweupe, juu ya kurasa nyeupe. Kila kitu kiliteleza na kufifia kwa mbwembwe. Kwa watoto ilikuwa pambo. Kwa Mama ilikuwa vurugu.

Kwanza nilimfungulia akaunti yake mwenyewe, yenye nywila yake. Hili ni muhimu, kwani ukibadilisha mwonekano kwenye akaunti moja, ya watoto hubaki kama ilivyo, na hakuna ugomvi.

Kwenye Windows 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi U. Hapo utapata karibu kila kitu kinachohusu macho. Maandishi yanaweza kukuzwa kutoka asilimia 100 hadi 225. Mama alituliza kwenye 160. Mshale tuliukuza na kuupaka rangi ya njano. Tulizima ile miteremko na vivuli vya madirisha. Picha ya nyuma tuliiondoa, tukaweka rangi moja tupu, na juu yake alama nne tu anazozitumia. Alama hizo hukua ukishikilia Ctrl huku ukizungusha gurudumu la kipanya. Kwenye kurasa za intaneti, Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza ukurasa mzima.

Kazi kubwa ilikuwa rangi. Ipo mipangilio minne ya rangi zinazotofautiana sana, na ukibonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja, unaiwasha au kuizima. Tulipoweka herufi nyeupe juu ya weusi, Mama alishusha kiganja chake. "Sasa imeacha kunipiga macho."

Maneno hayo yalinishtua. Mtu mwenye mtoto wa jicho ana lenzi yenye ukungu, na mwanga mkali ukipita humo hutawanyika, kama taa za gari kwenye kioo kichafu. Skrini nyeupe humwumiza. Lakini si kila mtu hupenda weusi: wenye astigmatizimu mara nyingi huona herufi nyeupe zikivujia pembeni. Kwa hiyo usimchagulie mzazi. Mwekee zote mbili, mpe aya moja asome, umsikilize.

Pia usiishie kwenye mipangilio. Mzazi anayeomba maandishi yakuzwe kila baada ya muda mfupi, anayekwepa mwanga au anayelalamika kuwa rangi zimepauka, apelekwe kwa mtaalamu wa macho. Mama tulimpeleka, na kweli alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Hilo hutibiwa kwa upasuaji. Kompyuta humsaidia kusoma tu wakati anasubiri. Kama si ile skrini, ningeendelea kuita ugonjwa "umri".

Mwanangu alipoiona akaunti mpya alikunja uso. "Bibi, mbona nyeusi hivi? Haipendezi!"

"Kwani nimeiweka ukutani?" akamjibu. "Mimi nasoma."

Jioni ile alimwandikia mdogo wake kwa mkono wake mwenyewe, kidole kimoja kimoja, karibu saa nzima. Nilipopita nyuma yake kuelekea jikoni, aliinamisha kifuniko cha laptopu kidogo ili nisione. Nikaenda zangu kupika chai.