Panya Wanaonusa Kifua Kikuu

Kwa mkulima wa Buzwagi panya ni adui. Hula mahindi ghalani. Hutoboa magunia ya karanga. Lakini huko Morogoro wako panya wanaofugwa kwa heshima.

Ni panya buku. Mkubwa wao hupita kilo 1. Hufugwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Watoto wakifumbua macho, walezi huwabeba mikononi ili wazoee watu na kelele. Kisha hufundishwa kunusa. Panya akipatia, husikia mlio mdogo, hupewa ndizi na karanga. Hapigwi. Panya anayeogopa mkono hafundishiki. Watu wa nchi za mbali hulipia chakula cha panya mmoja mmoja, kama mtu anayelea mtoto wa ndugu yake.

Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alifichua mabomu 71 yaliyofukiwa ardhini huko Kambodia. Alistaafu mwaka 2021, akatunzwa mpaka alipokufa Januari 2022.

Wenzake hunusa makohozi. Makohozi ya watu 100 panya huyamaliza kwa dakika 20. Kisha wataalamu huyapima tena yale aliyoyatilia shaka.

Hapo ndipo jambo linapotugusa sisi. Vumbi la mwamba huharibu mapafu ya wachimbaji, na kifua kikuu huwaingia upesi. Nani hajamwona mchimbaji anayekohoa miezi mitatu, naye anakunywa dawa za dukani tu? Ndugu, ukikohoa wiki mbili, nenda zahanati ukapimwe makohozi.

Ila usikamate panya wa porini ukamfuga chumbani. Huyo ana maradhi yake. Wale wa Morogoro wana waganga wao wa mifugo.