Programu za ofisi zisizo na bei: walimu twaogopa nini?

Muhula mmoja uliopita nilitunga karatasi ya mtihani wa Kiswahili nikiwa nyumbani, Mji wa Kale, kwa kompyuta kuukuu inayoendeshwa na mfumo wa Linux. Niliiandika kwa LibreOffice, nikaipeleka shuleni ndani ya flashi. Ilipofunguliwa katika mashine ya ofisi, yenye programu ya Microsoft, shairi lilikuwa limevurugika kabisa. Utao uliporomoka chini ya ukwapi na beti zikapoteza umbo. Karatasi ikapigwa chapa hivyo hivyo, nao wanafunzi wakatakiwa wahesabu mizani ya mishororo ambayo haikuwapo.

"Maalim, hiyo ndiyo thamani ya kitu cha bure," mwenzangu mmoja akaniambia, na chumba kizima kikacheka.

Nilinuna siku mbili, kisha nikachunguza. Kosa, ndugu msomaji, lilikuwa langu. Vipande vya shairi nilikuwa nimevitenga kwa kubonyeza kibonye cha nafasi mara kumi, mara kumi na mbili, kama tulivyozoea kwenye taipureta. Isitoshe, aina ya herufi niliyoichagua haikuwamo katika mashine ya ofisi, ikawekwa nyingine iliyo pana zaidi. Lau ningaliweka shairi katika jedwali lisilo na mistari, nikatumia herufi zinazopatikana kote, na karatasi ya kupigwa chapa nikaitoa kwa muundo wa PDF, hakuna kipande ambacho kingaliondoka mahali pake.

Nalileta jambo hili hadharani kwa sababu ninajua wengi wetu tunatumia nini. Katika shule nyingi, programu za ofisi ni nakala zilizowekwa na kijana wa dukani kwa malipo madogo, pasipo leseni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya kiandishi, kama kitabu. Sisi tunaomtoa nje mtahiniwa aliyeficha kikaratasi mfukoni ndio tunaochapa mtihani wake kwa mali ya kuiba. Na leseni halali zikinunuliwa kwa maabara nzima, karo haitoshi.

Badala yake ipo, wala si ya jana. Kampuni ya Kijerumani, Star Division, ndiyo iliyounda StarOffice. Sun Microsystems ya Marekani iliinunua mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaziachia huru siri za uundaji wake. Ndipo ikazaliwa OpenOffice. Baada ya Oracle kuimeza Sun mwaka 2010, kundi kubwa la waundaji lilijitenga na kuanzisha LibreOffice. Hati zake huhifadhiwa kwa muundo uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, nazo za Microsoft huzifungua pia. Hufanya kazi kwenye Linux na FreeBSD, na hata kwenye Windows, kwa hiyo anayeogopa kuhama anaweza kuanza bila kuhama. Mashine ikiwa dhaifu mno, AbiWord kwa barua na Gnumeric kwa alama za wanafunzi zatosha.

Lugha yetu nayo haikusahauliwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, iliyozungumza Kiswahili. Mwaka huo huo Jason Githeko, Mkenya, alitayarisha orodha ya maneno ya kusahihisha tahajia. Mwandishi wa Kimvita huenda akaona "ndia" imepigiwa mstari mwekundu, ingawa barabara ya Ndia Kuu ni ya zamani kuliko kompyuta zote. Hilo lisimkere. Orodha ile ni maandishi ya kawaida yanayofunguka, na mwalimu yeyote anaweza kuyaongezea. Nani atakuruhusu ufanye hivyo katika programu iliyofungwa?

Wanaosomesha madrasani watapenda kujua kwamba LibreOffice huandika pia kutoka kulia kwenda kushoto. Mashairi ya Muyaka yalihifadhiwa kwa hati za Kiarabu, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor. Mwanafunzi anayetaka kuyanakili kwa hati hizo, na tafsiri ya herufi za Kirumi kando yake, hahitaji kununua kitu.

Sitadai kwamba kila kitu ni laini. Hati iliyosheheni mapambo hupinda inapovuka kutoka programu moja hadi nyingine, na hesabu zenye amri zilizotungwa kwa ajili ya Excel mara nyingi hukataa kutembea kwingineko. Kwa hiyo muhula huu mitihani ya idara yetu imeandikwa yote kwa LibreOffice, mashairi yakiwa ndani ya majedwali. Mhasibu nimemwacha na yake, kwa sharti moja tu: leseni ilipiwe.