Kipato Kikubwa na Utajiri

Maneno kipato, mali na utajiri hutumiwa na wengi kana kwamba ni visawe. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hilo halina madhara. Lakini mfasiri wa sheria, mwalimu wa uchumi na ofisa atayarishaye fomu za serikali hawana budi kuyatenganisha, kwani hapo neno moja likikosewa huweza kumtwika mtu kodi isiyomhusu, au kumficha mwenye mali.

Kipato chatokana na kitenzi kupata. Ni kile kimfikiacho mtu katika muda maalumu: mshahara, kodi ya pango, gawio la hisa, fedha za mavuno. Anayesema kipato chake ni shilingi 600,000 hajasema lolote mpaka aongeze "kwa mwezi" au "kwa mwaka". Utajiri hauhitaji muda, wahitaji tarehe: ni jumla ya mali aliyo nayo mtu siku fulani, madeni yake yakisha kutolewa. Tajiri asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mfanyabiashara, na katika Kiswahili ametajwa hivyo mwenye chombo, mwenye duka, hata mwajiri. Yaani yule alipaye mishahara, siyo yule aipokeaye.

Mathalani, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, mshahara unaozidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi Tanzania Bara hutozwa asilimia 30 kwa sehemu inayozidi. Mwalimu aliyefikia hapo, aishiye nyumba ya kupanga na mwenye mkopo mkubwa benki, aweza kuwa na madeni kuliko mali. Mfugaji wa ng'ombe 200, asiye na mshahara wowote, amempita mbali. Mfasiri aandikaye kwamba kiwango hicho ni "kodi ya matajiri" amebuni sheria nyingine.

Mfano mkubwa zaidi ni wa tarehe 1 Julai 2020, Benki ya Dunia ilipoiweka Tanzania katika kundi la chini la nchi za kipato cha kati. Pato la taifa kwa kila mtu mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080 za Marekani, na kundi hilo lilianzia dola 1,036. Redioni na magazetini tukasikia "uchumi wa kati". Msemo huo umekwisha enea na kuung'oa si rahisi, ila kwa maoni yangu haukufaa. Uchumi ni neno pana mno. Kilichopimwa ni kipato cha mwaka mmoja. Wananchi waliouliza mbona hawauoni utajiri huo waliuliza kwa haki, lakini nusu ya swali ilizaliwa na tafsiri. Tena taifa likichimba dhahabu na kuiuza, pato la mwaka hupanda ilhali hazina iliyomo ardhini imepungua.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 kuhusu maadili ya watumishi wa umma ilitenganisha vizuri: mtumishi alitakiwa kueleza kipato, mali na madeni, kila kimoja peke yake. Mfano huo wafaa kuigwa katika fomu zetu.

Pakitakiwa istilahi ya mali iliyobaki baada ya madeni, twapendekeza "utajiri halisi". Ukwasi lingefaa, lakini wataalamu wa benki wamekwisha kulichukua kwa maana ya fedha zilizo tayari kutumika, na si vema kuwanyang'anya.