Mafuta Mazito Yenye Povu: Yanapitaje Mchangani?

Kwa watu wa Darakasi na mwambao wote wa Kismayu, habari za mafuta si ngeni. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu kuhusu mpaka wa bahari baina ya Somalia na Kenya, katika eneo linalodhaniwa kuwa na mafuta na gesi. Lakini kuyapata mafuta ni jambo moja, kuyatoa ni jingine. Mafuta hayakai ardhini kama maji ndani ya birika. Hukaa katika vinyweleo, yaani nafasi ndogo mno baina ya chembe za mchanga au mwamba, na hayana budi kupenya humo hadi yafike kisimani.

Mafuta mazito hupenya kwa taabu kwa sababu mnato wake ni mkubwa. Mfikirie asali, si mafuta ya taa. Hata hivyo, visima vya Lloydminster nchini Kanada na vya Orinoco nchini Venezuela vilitoa mafuta mengi kuliko hesabu zilivyotabiri, nayo yalitoka yamejaa viputo vidogo vya gesi.

Siri imo katika viputo hivyo. Gesi huyeyuka ndani ya mafuta kama ilivyo katika chupa ya soda. Kanieneo (wengine husema shinikizo) ikipungua, viputo huzuka. Katika mafuta mepesi viputo huungana upesi, gesi ikajifungulia njia na kukimbia peke yake. Katika mafuta mazito mnato huvizuia kuungana; kila kiputo hutanuka palepale kilipo na kuyasukuma mafuta mbele. Kile kile kilichokuwa kikwazo kinageuka msaada.

Katika maabara, bomba la chuma hushindiliwa mchanga, likajazwa maji ya chumvi, kisha mafuta yenye gesi. Mwisho mmoja hufunguliwa na kanieneo hupunguzwa, huku mafuta na gesi vinavyotoka vikipimwa. Imeonekana kwamba kanieneo ikishushwa haraka hutoka mafuta mengi zaidi. Ikishushwa polepole, viputo hupata muda wa kukutana. Hapo ndipo penye tahadhari: jaribio huchukua saa au wiki, kisima huchukua miaka. Tarakimu za bomba zisihamishiwe kisimani hivi hivi.

Neno “povu” nalo lina utata. Povu la sabuni ni hewa nyingi na maji kidogo. Hapa mafuta ndiyo mengi. Binafsi ningependelea “mafuta yenye viputo”.

Mafuta ya Uganda, yaliyogunduliwa mwaka 2006, yana tatizo jingine. Yana nta, hivyo huganda yakipoa, na ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 la kutoka Hoima hadi Tanga lilisanifiwa liwe la kupashwa moto. Mafuta mazito hasa, kwa upande wetu wa Bahari ya Hindi, yako Tsimiroro, Madagaska, ambako mwaka 2013 jaribio la kuyatoa lilitumia mvuke.