Ndoo ya Sauti

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo nina habari ya babu mmoja mkulima wa pamba wa hapa Simiyu, na mjukuu wake wa kike anayesoma Bariadi mjini.

Babu huyo ni manju wa bugobogobo, ngoma ya majembe ya sisi Wasukuma. Ngoma ikilia, majembe yote hushuka pamoja. Moja likichelewa kidogo tu, hata mtoto aliyesimama pembeni ya shamba huliona. Binti akataka kurekodi nyimbo za babu yake. Akaazima kompyuta na maikrofoni, akaweka Audacity, programu ya bure iliyotoka mwaka 2000, akamvika babu hedifoni ili ajisikie.

Babu akaimba mstari mmoja, akanyamaza. "Mjukuu wangu, chombo hiki kinanijibu kama mlima!"

Sauti yake ilikuwa inamfuata kwa nyuma. Binti alidhani maikrofoni ni mbovu, lakini maikrofoni ilikuwa nzima kabisa.

Sikilizeni kilichotokea. Ndani ya kompyuta kuna kadi ya sauti. Kazi yake ni kuipima sauti na kuigeuza namba, kwa kawaida mara 44,100 kila sekunde. Namba hizo hazipelekwi moja moja. Mmewahi kuchota maji kwenye mchanga wa mto wakati wa kiangazi? Unafukua, maji yanachuruzika, unachota kwa kata mpaka ndoo ijae, ndipo unajitwika. Kompyuta nayo ina ndoo yake, inaitwa bafa.

Ndoo ikiwa kubwa, nyumbani watasubiri sana. Bafa ya vipimo 1,024 hujaa kwa milisekunde 23 hivi, na kwa muda huo sauti hewani imeshakwenda karibu mita 8. Audacity huhesabu bafa kwa milisekunde, na yenyewe huanza na 100. Hiyo ni sawa na kumsikiliza mtu anayeimba umbali wa mita 34! Babu angewezaje kufuata mapigo?

Basi tuweke ndoo ndogo kabisa? Hapana. Ya vipimo 128 hujaa kwa milisekunde 3 tu, na mbebaji hana nafasi ya kupumua. Kompyuta ikizidiwa, maji yanamwagika njiani, nasi tunasikia sauti ikikwaruza na kukatikakatika.

Halafu kuna draiva, na jina lake linafanana na kazi yake, maana ndiye dereva anayesafirisha sauti kati ya kadi na programu. Kwenye Windows anaweza kupita njia tofauti. MME ni njia ya mwaka 1991, kama basi la Lamadi linalosimama kila kituo. WASAPI ilikuja na Windows Vista, nayo ni fupi zaidi. Studio nyingi hutumia ASIO, iliyobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, kwa sababu haipiti katika kichanganyio cha sauti cha Windows.

Binti akafungua mipangilio, akaacha MME, akachagua WASAPI. Akashusha bafa hadi 20, ikakwaruza. Akapandisha hadi 40, ikatulia. Babu akaanza tena, na safari hii mguu wake ukawa unapiga sakafu.

Angalieni pia idadi ya vipimo kwa sekunde. Wimbo wa dakika 4 uliopimwa kwa 48,000, ukichezwa kana kwamba ni 44,100, utachukua dakika 4 na sekunde 21, na sauti ya babu itakuwa nzito kama ya mtu mwingine.

Kazi ya kuimba ikiisha, unapokata na kusafisha sauti, rudisha ndoo kubwa. Wakati huo hakuna anayeimba, kwa hiyo kuchelewa hakumuumizi mtu, na kompyuta inafanya kazi bila kuhema.

Lakini maji yaliyomwagika wakati wa kurekodi hayazoleki. Kipande kilichokatika hakirudi hata ukiweka ndoo kubwa namna gani baadaye. Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkipata mzee wa kumrekodi, msimchoshe kwa majaribio. Mmoja wenu aimbe kwanza kwa dakika moja, msikilize wote hadi mwisho, ndipo mzee aitwe kwenye maikrofoni.